UZI: Ikija pesa ya mafunzo ya taka Mwanza, ianzie kwenye mzani

Mama Mzani (mleta uzi)

Wanabodi habari za jioni, na wa Kanda ya Ziwa mwadila.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo mara ya kwanza, kwa hiyo mnivumilie urefu. Wiki iliyopita mtendaji wa mtaa alituita wanunuzi wa chupa na skrepa, akatuambia huenda zikapatikana fedha za elimu ya taka na mafunzo ya ajira, kila kikundi kiandike kinachotaka. Wenzangu wengi waliandika palepale: semina, fulana, mabango. Karatasi yangu bado iko ndani ya daftari la mzani. Nataka niwaeleze ninachofikiria kuandika, mnikosoe kabla sijaipeleka.

Nanunua chupa, vidumu na ndoo zilizopasuka kwa kilo hapa Igogo, huu ni mwaka wa 9. Kabla ya hapo nilikuwa nakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Kazi hii imenisomeshea watoto watatu, siku hizi sioni haya kuitaja popote.

Mgeni akifika Mwanza anaona mawe na Ziwa Victoria. Sisi tunaokaa chini ya milima tunaitazama mvua. Nyumba za Mabatini, Igogo na Isamilo zimepanda juu kwenye mawe ambako hata guta halifiki, sembuse gari la taka. Mama wa huko juu akitaka kutupa taka kihalali anazishusha kichwani kwa njia ya mawe hadi kwenye ghuba la taka, na mara nyingi analikuta limefurika. Basi salfeti inaachwa korongoni kusubiri vuli. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na vyote: pampasi, maganda ya miwa, chupa, ndala za mguu mmoja. Mwisho wa safari ni ziwani, na maji ya ziwa hili yana mto mmoja tu wa kutokea, Nile, kule Jinja. Kilichoingia kinakaa na sisi miaka mingi.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya sangara na sato walionunuliwa hapahapa Mwanza. Waliwapasua matumbo, na katika kila aina wakathibitisha plastiki kwa samaki mmoja kati ya watano. Aliyenisimulia ni kijana wa chuo aliyekuja kununua vidumu kwangu. Nilishindwa kumjibu, maana wanangu nimewakuza kwa mapanki ya sangara haohao.

Sasa hiyo semina. Miaka kadhaa nyuma mradi mmoja, sitautaja, ulituita ukumbini siku mbili. Tulikula vizuri, tukapewa fulana, tukafundishwa kwamba taka ni mali. Mle ndani tulikuwa wanawake zaidi ya ishirini ambao tangu alfajiri hadi jioni tunaishi kwa taka. Hakuna aliyetuuliza tunamuuzia nani, wala kwa nini mzigo wetu unakatwa kilo ukifika kwa mnunuzi mkubwa. Siku ya tatu nilirudi kwenye mzani sijui jambo lolote jipya la kuniongezea hata shilingi mia. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu fedha ilikuwapo na iliisha.

Wazee wa ziwa wanakumbuka bondo la sangara, kile kifuko cha hewa cha tumboni, likitupwa pamoja na utumbo. Leo kilo ya bondo kavu inaizidi bei ya minofu mara nyingi. Soko la Wachina lilifungua mlango, halafu watu wakajifunza: kulitoa bila kulitoboa, kuliondoa damu na mafuta, kulianika lisijikunje, kulipanga kwa ukubwa. Kijana akitoboa bondo anakaa pembeni na kuangalia mkono wa mwenzake mpaka aweze. Hayo ndiyo mafunzo ya kazi ninayoyajua, na yalifanyika palepale samaki anapopasuliwa.

Chupa nayo ina siri zake. Chupa ya maji ni plastiki namba 1, geuza kitako utaiona ndani ya pembetatu. Kifuniko ni plastiki ya aina nyingine, na lebo mara nyingi ni nyingine tena. Ukiuza vikiwa vimechanganyika unalipwa bei ya kitu kichafu. Ukivisaga ukavimimina kwenye beseni la maji, chipsi za chupa zinazama na za vifuniko zinaelea. Maji yanakuchambulia bure. Hili nimelijua mwaka wangu wa 6, kwa kuonyeshwa na fundi aliyepita njia. Miaka mitano nzima niliuza vibaya kwa kutolijua jambo la dakika kumi.

Na uzito je? Chupa ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20. Kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100, kila moja mtu ameinama akaiokota. Lori likizipakia bila kushindiliwa linabeba hewa hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, na nauli ya hewa hiyo inakatwa kwenye bei ya yule aliyeinama. Mashine ya kushindilia na mtu anayejua kuitumia vingebadilisha maisha ya mtaa huu kuliko mabango mia.

Ninachotaka kuandika ni hiki. Watu kumi kwa mkupuo, miezi mitatu, kwenye yadi inayofanya kazi kweli, na nusu yao watoke milimani. Walipwe posho ya chakula na nauli kila siku, kwa sababu anayeokota leo ndiye anayekula leo. Ukimwita ajifunze bure umemlaza njaa, na wiki ya pili humuoni. Wajifunze kuchambua, kupima, kushindilia, kuandika daftari na kupatana bei. Wachanjwe pepopunda na homa ya ini B kabla hawajagusa mzigo, maana sindano tunazikuta ndani ya mifuko ya kawaida ya nyumbani. Na wafundishwe kutooshea chupa ziwani. Wengi wetu tumesimama majini hadi magotini tukisuuza mzigo, tukatoka na kichocho, na uchafu tumeuacha palepale. Pipa, beseni na maji ya kubadilisha vinatosha.

Wakimaliza, hao ndio wawe walimu wa majumbani. Kila mmoja apewe kaya zake, alipwe kwa mwezi, apite na kuonyesha mama wa nyumba kipi kiwekwe wapi na atakipitia lini. Elimu itoke kwa mtu atakayerudi Jumanne kuchukua alichokufundisha kukitenga.

Karibuni.

Mlipa Tozo

Mama heshima yako. Umeandika kwa uchungu na nimekuelewa, ila kuna mahali sikubaliani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa. Mimi nalipa tozo ya taka kila mwezi na risiti ninazo. Gari huku kwetu linapita likijisikia. Kwa nini tutafute fedha nyingine za kumfundisha mtu kazi ambayo tumeshailipia? Tukizoea hivi, wenye wajibu watakaa na kusema vikundi vipo.

Mama Mzani

Mlipa Tozo, hasira yako ni halali, na kwenye karatasi sitaandika popote kwamba kikundi kichukue nafasi ya gari.

Lakini tazama hesabu. Sensa ya 2022 ilitukuta Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za Mwanza mjini, tukiwa zaidi ya watu milioni 1.1. Benki ya Dunia inakadiria mtu wa Afrika kusini mwa Sahara hutoa karibu nusu kilo ya taka kwa siku. Zidisha: tunakaribia tani 500 kila siku ya Mungu. Tozo yako inalipa dereva, dizeli na safari ya dampo Buhongwa. Kila kilo ninayoitoa kabla gari halijafika, dizeli haikuisafirisha na dampo halikujaa. Hakuna anayenilipa kwa kilo hizo. Nalipwa na mnunuzi wa chupa tu. Naomba sehemu ndogo ya kile kinachookolewa irudi kufundisha watu wanaokiokoa.

Kule Pune, India, kuna ushirika wa waokota taka unaoitwa SWaCH. Tangu 2008 una makubaliano na jiji, wanachama wake, wengi wao wanawake, wanachukua taka mlango kwa mlango, kila kaya inawalipa ada, na vinavyouzika ni vyao. Jiji halikujitoa, malori ya jiji bado yanapokea kinachobaki. Brazil wao tangu 2002 waliingiza mwokota taka kwenye orodha rasmi ya kazi za nchi. Mtu anajaza fomu, palipoulizwa kazi anaandika kazi yake. Mimi kwenye fomu ya shule ya mwanangu niliandika "biashara ndogondogo".

Kijana wa Igoma

Mama shikamoo. Mimi nina miaka 24, nimemaliza fomu foo, nashinda na guta la kukodi. Swali langu ni moja: si kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri? Kwa nini tusichukue hiyo tukajifundishe wenyewe, kuliko kusubiri mfadhili?

Mhasibu wa Vikundi

Nimjibu kijana, maana nimekaa na vikundi vingi mezani.

Mikopo ipo. Sheria tangu 2018 inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo ukienda leo utaulizwa maswali mengi kuliko kaka zako walivyoulizwa, na ni sawa.

Lakini mkopo hurejeshwa, mdogo wangu. Ukikopa ukajilipia posho ya miezi mitatu ya kujifunza, mwezi wa nne unadaiwa na mzigo hujauza. Hapo ndipo nilipoona vikundi vinakufa. Walikopa kabla ya kujua kazi, wakanunua mashine, ikakaa chini ya turubai. Nashauri mkopo ununue mashine, na kufundisha watu kulipiwe na fedha isiyorejeshwa. Na ifundishwe kwanza.

Fedha isiyorejeshwa ya kufundishia ipo wapi? Waajiri wenye wafanyakazi kumi na zaidi wanalipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023. Sehemu yake ndiyo inayolisha VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi. Kuna pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi wa gereji, mwashi au mpishi aliyejifunzia mtaani anapimwa, anazibiwa pengo, anapewa cheti bila kurudi darasa la kwanza. Mama Mzani, miaka 9 ya kutambua plastiki kwa kuigonga na kucha ni ujuzi. Kwenye karatasi yako andika ombi la mtaala mfupi wa uchambuzi na urejelezaji, pale VETA Nyakato, na wapimaji waje kwenye yadi. Mtu mwenye cheti hata mkopo anaombea kwa kifua.

Mama Mzani

Mhasibu, wabeja sana. Hilo la cheti nilikuwa sijaliwaza na nimeliandika. Hasa nawafikiria wale mabinti wa yadi ambao mjomba akiuliza wanafanya nini mjini wanabadilisha mazungumzo.

Mwalimu Buswelu

Nami nina la kusema kuhusu elimu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nimejaribu shuleni. Nilianzisha pipa la chupa, darasa la tano wakalijaza ndani ya wiki. Wiki iliyofuata mzazi akaja juu: mwanangu nimemleta asome, umemgeuza chokoraa? Pipa likaondolewa. Nilijifunza kwamba kumfundisha mtoto peke yake ni kumtwisha mzigo nyumbani. Mama akisikia "usiokote, ni uchafu" ndilo neno analorudia. Sijui mnadhani tuanzie wapi.

Mama Mzani

Mwalimu, pole. Nami niliitwa hivyo mwaka wa kwanza, na aliyeniita ni jirani niliyemwazima chumvi.

Naomba nikupe mfano wa kwenda nao darasani. Chupa ya soda ya kioo, mtoto akitumwa dukani anaambiwa rudi na chupa, au aache hela ya chupa. Mama anaitunza chini ya kitanda na kreti. Sijawahi kuokota chupa nzima ya soda ndani ya Mirongo, na mtoni hapo nimeinama miaka 9. Anayebeba ile chupa kurudisha dukani hakuna aliyewahi kumwita chokoraa. Chupa ya plastiki ni chupa vilevile, ila imetoka kiwandani bila kuwekewa hela yake. Ujerumani waliiwekea mwaka 2003, senti 25 kwa chupa, na watu wanazirudisha dukani kwenye mifuko kama sisi na kreti zetu. Majirani zetu Kenya mwaka 2022 walipitisha sheria inayomtaka anayeingiza bidhaa sokoni abebe wajibu wa kifungashio chake mpaka kikiisha kutumika.

Hapa ndipo ninapoona mfuko mkubwa wa kulipia mafunzo. Anayeuza maji na soda kwenye plastiki achangie kidogo kwa kila chupa, na mchango huo ulipe walimu wa majumbani. Sisi Watanzania tukiamua tunaweza. Viroba vya pombe vilikwisha 2017. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni mosi 2019, na wiki ile watu walikuwa na vikapu mkononi. Ila kumbukeni pia kwamba baada ya marufuku hakuna aliyemfundisha mama aliyekuwa akiuza mifuko ile Soko Kuu afanye kazi gani. Nilimfahamu mmoja. Alirudi kijijini Magu.

Kwa shule, ningeomba anayekuja darasani awe mhitimu wa yadi, aje na mzani. Watoto wapime wenyewe, waone gramu. Na mzazi aalikwe siku hiyohiyo, aone hela ikihesabiwa inaingia kwenye madawati.

Mvuvi Igombe

Mnazungumza chupa tu. Njooni huku ufukweni. Nyavu chakavu, timba (zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki) zilizotupwa, kamba, maboya yaliyopasuka. Timba ni haramu lakini bado tunazivuta zikiwa na samaki waliooza ndani, maana wavu uliopotea hauachi kuvua. Mtu akiikuta anaichoma ufukweni, moshi mweusi hadi nyumbani. Yadi yako inanunua nyavu, mama?

Mama Mzani

Baba, sinunui, kwa sababu sina wa kumuuzia, na sitaki nikupe tumaini ambalo sina. Nailoni inayeyushwa na kutumika tena, hilo najua, lakini inataka ioshwe magamba, itolewe vizito vya risasi na maboya, ikusanywe nyingi kwa pamoja. Hapo napo ni mafunzo. Nitaandika kwenye karatasi kwamba katika wale kumi wa mkupuo wa kwanza, wawili watoke mialoni, Igombe au Kirumba, kazi yao iwe kujifunza nyavu na kutafuta mnunuzi. Kwa sasa nakuomba jambo moja, msizichome. Zifungeni kwenye salfeti pakavu.

Na la mabaki ya chakula sijaligusa, nikijua ndiyo zaidi ya nusu ya taka za miji yetu. Maganda ya ndizi, matumbo ya samaki, pumba, mboga zilizooza sokoni. Wapo wanaofuga funza wa nzi mweusi, yule anayeitwa nzi askari, kwa mabaki ya aina hiyo, kisha funza wanalishwa kuku na samaki. Sasa vizimba vya sato vimeongezeka ziwani na kila mfugaji analia na bei ya chakula. Funza anataka usafi na kipimo cha unyevu, ukizidisha maji wanatoka wote usiku mmoja. Kwa hiyo nalo ni somo la kushikwa mkono. Lakini sitaliweka kwenye karatasi hii. Sijalifanya mwenyewe, na siwezi kuomba fedha ya kufundisha nisichokijua. Anayelifanya aandike yake.

Mlipa Tozo

Mama nimerudi. Nimesoma yote. Nina ombi: weka sharti la hesabu kubandikwa ukutani. Kilo zilizoingia, kilo zilizouzwa, waliolipwa na kiasi gani, kila mwezi, mbele ya yadi ambapo hata mpita njia anasoma. Mkifanya hivyo nitakuwa wa kwanza kutenga taka zangu, na mtaani kwangu nitapita nyumba kwa nyumba mwenyewe.

Mama Mzani

Nimeliandika kama ulivyolisema, maneno yako yaleyale.

Mgeni Mabatini

Samahani mama, ni mara yangu ya kwanza kuchangia. Naishi juu kabisa, karibu na yale mawe makubwa. Naokota nikiwa na mtoto mgongoni, ana miezi saba. Hayo mafunzo ya miezi mitatu mtu kama mimi ataruhusiwa? Kwenye yadi kuna vioo na mashine, nitamweka wapi?

Mama Mzani

Mwanangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili, na nakuomba radhi, sikukufikiria. Niliandika nusu watoke milimani bila kujiuliza wanapanda na kushuka na nani.

Nyuma ya yadi kuna chumba nilichokuwa nawekea vidumu. Kina dirisha na sakafu ya saruji. Nimeongeza mstari kwenye karatasi: mkeka, neti, uji, na mama mmoja mtu mzima alipwe posho sawa na wanafunzi kukaa na watoto saa za mafunzo. Vidumu nitavihamishia nje chini ya turubai.

Karatasi naipeleka kwa mtendaji kesho saa mbili asubuhi. Kama fedha haitakuja, chumba bado kipo. Shuka Jumatatu na mtoto, tuanze na lile beseni.